Pazia la Siku Tisa

1

Siku ya Jumatatu Subilaga Mwaipaja alifika kazini akakuta watu kumi na wawili wamepanga foleni mbele ya Dirisha, na mvua ya Tukuyu ikiwanyeshea taratibu kama kawaida yake, haikatiki wala haizidi. Hakuna aliyeonekana kukereka. Wengine walikuja na vigoda. Mmoja alikuwa na chupa ya chai na vikombe vitatu, dalili kwamba alikusudia kukaa.

"Nauliza hivi," alikuwa akisema mama mmoja aliyevaa buti za shambani, uso ameusogeza karibu na kioo. "Huyu meneja wenu wa usafirishaji, mwaka huu ameajiri ndugu yake yeyote?"

"Ameajiriwa shemeji yake, mwezi wa pili," Dirisha likajibu kwa sauti yake tulivu. "Nafasi ilitangazwa, wakaomba watu tisa. Shemeji alikuwa wa pili kwa alama. Wa kwanza aliikataa kazi kwa sababu alipata nyingine Mbeya. Barua yake ya kukataa ninayo. Ukitaka nitakusomea."

"Hebu isome."

Foleni ikacheka. Subilaga naye akacheka chini ya mwavuli wake, akapita getini. Alikuwa Katibu wa Bodi wa kampuni ya Motochini kwa mwaka wa kumi na moja, na bado hakuwa amechoka kusikiliza maswali ya watu pale nje.

Kila kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya hamsini ilitakiwa kuwa na Dirisha tangu ilipopitishwa Sheria ya Nyumba ya Kioo. Sheria yenyewe ilitungwa baada ya kampuni tatu kubwa kuanguka ndani ya mwaka mmoja, zote zikiwa zimetoka kuchapa taarifa za mwaka zenye jalada la kung'aa na picha za watoto wakipanda miti. Dirisha lilikuwa mashine iliyofungwa kwa lakiri ya serikali, yenye neva zake za kuhisi zilizotambaa kila mahali: kwenye mabomba, kwenye pampu, jikoni, stoo, hata chini ya meza ya bodi. Mambo ya afya na ya nyumbani kwa mtu halikuyagusa. Lakini jambo lolote la kampuni, mtu yeyote aliyefika akaliuliza alijibiwa, na kusema uongo halikuweza.

Mwanzoni wenye kampuni walilia. Kisha ikaonekana ajabu. Kampuni zilizoyaacha madirisha yao wazi zilinawiri. Wafanyakazi waligoma mara chache, wanunuzi hawakuhitaji kutuma wapelelezi, na wakubwa, wakijua kwamba kila wanachonong'ona kesho kitaulizwa na mama mwenye buti, wakaanza kunong'ona mambo ya maana.

Jambo moja tu sheria iliwaachia. Mazungumzo ya kibiashara yakifika mahali nyeti, Katibu wa Bodi aliweza kulifunika jambo moja kwa siku tisa, si zaidi. Watu waliita hatua hiyo kushusha pazia. Ukiuliza jambo lililofunikwa, Dirisha hujibu, "Hilo lina pazia," basi. Ufunguo wa pazia la Motochini ulikuwa kijiti cheusi kisichozidi kidole gumba, na Subilaga aliuvaa shingoni kwa uzi. Katika miaka kumi na moja alikuwa ameutumia mara mbili.

Wiki ile mji mzima ulichangamka. Motochini ilikuwa ikitimiza miaka ishirini ya kuchimba joto chini ya milima ya Rungwe na kulisambaza kwa mabomba, na Jumamosi viwanda vitatu vya chai pamoja na chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa vilikuwa vinatia saini mkataba wa miaka thelathini. Baada ya saini, viwanda vingekata boila zao za kuni mbele ya umati, na moshi uliokaa juu ya mabonde yale tangu enzi za mababu ungekwisha. Uwanjani nyuma ya ofisi bendi ya matarumbeta ilikuwa ikifanya mazoezi, na mpigaji mmoja alikuwa akiukosea wimbo mahali pale pale kila mara, wenzake wakimcheka na kuanza upya.

2

Anyosisye Kabuje, Mkurugenzi Mtendaji, alikuwa amesimama dirishani akiwasikiliza. Alikuwa mchimbaji kabla hajawa mkurugenzi, na hadi leo alivaa suti kama mtu aliyeazimwa. Ndiye aliyemchukua Subilaga kama karani wa masijala miaka ishirini iliyopita, na ndiye aliyempa ofisi yake mwenyewe kila jioni ili asomee mitihani pasipo kelele.

"Funga mlango, mwanangu," alisema.

Subilaga akafunga. Mzee akaufungua mchoro ukutani: mistari sita, mmoja kwa kila kisima. Miwili ilikwenda sawa. Minne ilikuwa imeinama.

"Joto limeshuka nyuzi kumi na moja kwa miezi minne," Kabuje akasema. "Mwanzoni nilidhani vipimo vimeharibika. Vimebadilishwa, bado ni hivyo hivyo. Visima vinapoa."

"Dirisha linajua?"

"Linajua kuliko mimi. Ila hakuna aliyeliuliza, na lenyewe hujibu, halihubiri. Taarifa ya robo mwaka itatoka baada ya wiki tatu. Hadi hapo, linalotosha kuitoa habari nje ni swali la mtu mmoja tu pale kwenye foleni."

Subilaga aliiangalia ile mistari. Alijua kilichokuwa kinakuja, na alitamani mzee asikiseme.

"Sikuombi useme uongo," Kabuje akaendelea. "Sheria yenyewe inaruhusu. Huu ni wakati wa mkataba, kila kampuni hushusha pazia juu ya mambo ya kiufundi wiki ya kutia saini. Hakuna atakayeshtuka. Nipe siku tisa. Nitalala kule visimani. Nitapata sababu, nitaitengeneza, na watu wataisikia habari ikiwa tayari na dawa yake."

"Na Jumamosi wakikata boila zao?"

"Nitakuwa njiani kupata jawabu."

"Usipolipata, mzee?"

Kabuje akarudi dirishani. Chini, matarumbeta yalifika tena pale mahali na kukosea tena.

"Miaka ishirini sijawahi kulikosa," akasema mwishowe, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Subilaga aliisikia hofu katika sauti yake. Haikuwa hofu ya kupoteza cheo. Ilikuwa ya mtu aliyelea mtoto, sasa anauona mwili wa mtoto unapoa.

"Nipe hadi kesho asubuhi," Subilaga akasema.

"Chukua."

3

Mchana ule hakuweza kukaa ofisini. Aliendesha gari hadi kiwanda cha chai cha Isumba, akijiambia kwamba anakwenda kukagua mpangilio wa sherehe.

Akakuta sherehe imeshaanza bila yeye. Boila kubwa la kiwanda lilikuwa limezimwa kwa usafi wa mwisho, na wafanyakazi walikuwa wakiliandika majina kwa chaki, wakichora ng'ombe, majani ya chai, na salamu za kuliaga. Juu kabisa mtu alikuwa ameandika, *Lala salama, mla misitu.* Aliyeshika ndoo ya chaki alikuwa Lugano Mwasyoge, mlinzi wa boila kwa miaka ishirini na sita, mtu mfupi mwenye nyusi zilizoungua zamani na kugoma kuota tena.

"Dada Subilaga," akamwita. "Karibu uandike jina lako. Usipoandika leo, Jumamosi tunalikata vipande vipande, utabaki kusimuliwa."

"Hulionei huruma?"

"Nalionea. Limenilelea watoto wanne. Lakini kifua changu nakionea huruma zaidi." Akacheka, akakohoa kidogo, akacheka tena. "Wenzangu walisita, unajua. Walisema, tukishalikata hakuna kurudi nyuma. Nikawaambia ngojeni. Mwezi wa pili nikaenda pale kwenu, nikapanga foleni, nikaliuliza Dirisha: joto la visima likoje? Likanipa namba za visima vyote sita, kimoja kimoja. Nikaja nikaziandika pale." Akaonyesha ukuta, ambako namba sita zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa kama za mlango wa nyumba. "Wakaamini. Ijumaa nitakwenda tena kuhakikisha, kabla ya msumeno."

Subilaga aliziangalia zile namba. Zilikuwa za kweli, siku zilipotolewa.

"Na Ijumaa likikwambia hilo lina pazia?" akauliza, akijitahidi sauti yake iwe ya kawaida.

Lugano akainua mabega. "Nitajua ni mambo ya mikataba. Nitaondoka na zile zile za mwezi wa pili. Hizo nazijua." Akamnyooshea kipande cha chaki. "Andika basi."

Aliandika jina lake chini ya ng'ombe mmoja, herufi ndogo ndogo. Kisha akashukuru, akarudi garini, akakaa muda mrefu bila kuwasha. Hilo ndilo lililomsumbua: pazia lisingesema uongo, kweli. Lingeiacha tu kweli ya zamani iendelee kusema mahali pa kweli mpya. Na mtu mwenye nyusi zilizoungua angeushika msumeno kwa mkono wake mwenyewe, akiimba.

Lakini alimwona Kabuje pia. Aliwaona vijana arobaini walioahidiwa kazi za bomba jipya. Habari ya kupoa ikitoka kabla ya dawa, baadhi ya wanunuzi wangekimbia, na huenda dawa yenyewe ingekosa watu wa kuitafuta. Mzee hakuwa mjinga wala mwizi. Siku tisa ni chache. Ni nani asiyewahi kuficha homa hadi apate dawa?

Asubuhi alimpigia Mwenyekiti wa Bodi, Bi. Atuganile Mwambene, akamweleza yote pasipo kupunguza.

"Sheria ilikuwa na akili," Bi. Atuganile akasema. "Ufunguo haikumpa Mkurugenzi, haikunipa mimi. Ilikupa wewe. Nikikushauri sasa, nitakuwa nimeushika. Ila nakuahidi hili moja: utakaloamua, nitasimama nalo mbele ya bodi, hata kama litaniuma."

"Ahsante, mama."

"Usinishukuru bado."

4

Kabuje alikuwa akimngoja mlangoni pa ofisi. Subilaga akauvua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza yake.

"Sitashusha," akasema. "Bodi ikitaka mtu mwingine wa kuushika, iko huru. Lakini kuna jambo siwezi kulifanya nyuma ya mgongo wako, mzee, kwa hiyo nakwambia usoni. Naenda kupanga foleni. Nikifika mbele, nitaliuliza Dirisha joto la visima."

Mzee akaketi. "Wewe? Katibu wa Bodi, kwenye foleni na watu?"

"Nikiita waandishi wa habari itaonekana nakukimbia. Pale nje ndipo watu wetu wanapoulizia. Nami nina haki ya kuuliza kama wengine."

Alisubiri hasira. Alikuwa amejiandaa kwa hasira usiku kucha. Lakini Kabuje aliutazama tu ule ufunguo, kisha akamtazama yeye, na Subilaga akashuka ngazi.

Siku hiyo foleni ilikuwa na watu wanane. Alishika nafasi ya tisa, nyuma ya mwanamume mrefu aliyevaa koti jeusi na kola ya mchungaji, ambaye alikuwa akifunga na kufungua mwavuli wake kama asiyejua kama anakaa au anaondoka. Watu walimgeukia Subilaga, wakanong'onezana. Mama wa jana, aliyekuwa amekuja na buti zile zile na maswali mapya, akamkaribisha chai.

Alikuwa amebakiza watu watatu mbele yake aliposikia hatua nzito kwenye kokoto. Kabuje alikuwa akija bila mwavuli, koti la suti limelowa mabegani. Akasimama kando yake.

"Niachie mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Visima ni vyangu. Aibu yake pia ni yangu."

"Foleni, mzee," akasema mama wa buti.

Watu wakacheka, na Kabuje, kwa mshangao wa wote, akacheka nao. "Kweli. Naomba basi mnipishe, ndugu zangu. Swali langu ni fupi, lakini litawahusu wote."

Walimpisha. Alilikaribia Dirisha, akapangusa maji usoni.

"Tangu mwezi wa tatu, joto la visima vya Motochini limeshuka kiasi gani?"

Dirisha likataja. Kisima cha kwanza, nyuzi kumi na moja. Cha pili, kumi na mbili. Cha nne, kumi. Cha tano, kumi na moja. Cha tatu na cha sita, halijabadilika. Mtu akaweka kikombe chini. Kabuje akageuka akawakabili, akawaeleza kama mchimbaji anavyowaeleza wachimbaji: kinachoonekana, kisichojulikana, na kwamba asingetaka kiwanda chochote kikate boila Jumamosi.

"Na sababu?" mtu akauliza.

"Sijui," akasema Kabuje. Subilaga alimwona akilitamka neno lile kwa shida, kisha akivuta pumzi kama aliyetua mzigo.

Hapo ndipo mwanamume mwenye kola alipofunga mwavuli wake kabisa.

"Jina langu Gwakisa Mwandemele," akasema. "Nachunga kanisa dogo bonde la Kasyeto. Hii ni mara yangu ya tatu kuja hapa. Mara mbili za kwanza nilifika kwenye foleni nikarudi nyumbani, kwa sababu nililiogopa jibu." Akauegemea mwavuli. "Tuna bwawa la ubatizo kijitoni. Tulilijenga kwa mawe miaka tisa iliyopita. Maji yake yalikuwa baridi kiasi kwamba waumini walitoka wakinena kwa lugha kabla Roho hajawashukia."

Watu wakacheka kidogo, kwa tahadhari, na mchungaji mwenyewe akatabasamu.

"Tangu Pasaka maji yana uvuguvugu. Sasa hivi ni ya moto kabisa, kama ya kuogea mtoto. Watu wamekuja kutoka vijiji vyote. Wamesema ni muujiza, na mimi, Mungu anisamehe, nimeuhubiri. Niliowabatiza kwa miezi minne hii ni wengi kuliko wa miaka minne. Lakini moyo haukutulia. Nilitaka kuuliza: joto lile ni la Mungu, au ni lenu?"

"Sina neva bonde la Kasyeto," Dirisha likasema. "Sijui."

Lakini Kabuje alikuwa ameshachuchumaa. Aliuomba mwavuli wa mchungaji, akaanza kuchora kwenye udongo uliolowa: hapa visima, hapa mlima, hapa kijito. Maji yakishatoa joto lake viwandani, alieleza, hayamwagwi. Hurudishwa ardhini kwa kisima maalumu ili yapate moto tena. Mwaka jana kisima cha kurudishia kilikuwa kimehamishwa, kikachimbwa kipya upande wa mashariki. Ncha ya mwavuli ikafuata mstari, ikavuka mlima, ikaishia kwenye bwawa.

"Kuna ufa," akasema taratibu. "Kuna ufa chini ya mlima, na sisi tunaumiminia maji baridi. Yanausukuma moto unatukimbia, unakwenda kwako, Mchungaji." Akainua uso, na uso wake ulikuwa wa kijana. "Joto halijaisha. Limehama tu. Limekwenda kubatizwa."

Subilaga alijikuta ameshika mkono wa mama wa buti, na mama wa buti akawa anambana vidole kwa nguvu, wote wawili hawajui nani alianza.

5

Haikuwa bure. Jumamosi hapakuwa na saini. Mnunuzi mmoja wa mbali, aliyekuwa bado anajadiliana nao, alijiondoa siku ile ile Dirisha lilipojibu, na vijana arobaini wa bomba jipya waliambiwa wangoje, na Subilaga ndiye aliyesimama mbele yao kuwaambia. Wenye hisa walipiga simu hadi laini zikajaa. Bi. Atuganile alisimama mbele ya bodi kama alivyoahidi, na kwa saa nne lilimuuma.

Lakini Alhamisi, kabla wahandisi wa Motochini hawajamaliza kufunga vipimo kijitoni, wahandisi wa kampuni hasimu kutoka bonde la pili walifika na mashine yao ya kusikiliza miamba, bila kuitwa. Walikuwa wameisikia habari Dirishani. Visima vyao vilikuwa vimeanza kuinama pia, wakasema, wakiangalia chini. Na wao walikuwa wameshusha pazia. Watu wa Kasyeto wakaleta orodha ya kila chemchemi iliyobadilika rangi au ladha, na mahali ambapo nyasi zilikauka bila jua. Kufikia Ijumaa usiku ramani ya ufa ilikuwa imekamilika, ramani ambayo Kabuje peke yake, hata angelala visimani siku tisa, asingeipata. Neva zote za Motochini ziliishia kwenye uzio wa Motochini.

Kabuje alikiri hivyo mbele ya watu, Jumamosi, uwanjani. Maandalizi yalikuwa yameshafanyika na ng'ombe wameshachinjwa, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuahirisha pilau. Lugano alifika na wenzake wa boila. Alimtafuta Subilaga katikati ya umati akiwa na sahani mkononi.

"Nimefuta namba za ukutani," akasema. "Nimeandika mpya. Chini nimeweka tarehe. Wakati ule sikuweka tarehe, nimejiona mpumbavu."

"Si wewe peke yako, kaka."

"Boila tumeliwasha tena. Chaki yote imeungua, na jina lako limekwenda na moshi." Akaguguna mfupa. "Tutakungoja. Nimewaambia wenzangu: mtu aliyekwambia usikate, huyo ndiye wa kumngoja."

Mchungaji Gwakisa alikuwa na kazi ngumu kuliko wote. Jumapili alipanda madhabahuni akawaambia waumini wake kwamba maji yale yalikuwa ya moto kwa sababu ya kisima cha kampuni, kwamba alilishuku hilo kwa miezi miwili akanyamaza, na kwamba kisima kikifungwa yangerudi kuwa baridi baada ya wiki tatu hivi. Aliomba msamaha. Akaketi akiwa na hakika kwamba kanisa limekufa.

Wiki ile watu sitini na wawili walikuja kubatizwa, wakiwahi kabla maji hayajapoa. Subilaga alikwenda kutazama. Foleni ilizunguka kanisa, na watu walikuwa wakicheka kiasi kwamba mchungaji, aliyezama hadi kiunoni, alishindwa mara mbili kumaliza maneno.

"Na hawa wataendelea kuja, baba mchungaji?" alimuuliza baadaye, alipotoka majini.

"Nusu yao, labda," akasema Gwakisa, akikamua mikono ya kanzu. "Lakini hao nusu wataniamini nikisema jambo. Mwezi uliopita nilikuwa na kanisa lote, nami nilijua kwamba hawapaswi kuniamini."

6

Joto la kisima cha pili lilianza kupanda mwezi wa tatu baada ya kufungwa kile kisima cha kurudishia, kisha la cha kwanza, kisha la vyote vinne. Mkataba ulitiwa saini mwezi wa nane baada ya hapo, mfupi kuliko wa kwanza, na wenye kifungu kilichodaiwa na watu wa viwandani na wa mabondeni kwa pamoja: neva za Dirisha zivuke uzio hadi kwenye vijito, na mabonde yawe na kiti kimoja kwenye bodi, cha mtu watakayemchagua wenyewe.

Walimchagua Gwakisa Mwandemele.

Alifika kwenye kikao chake cha kwanza na koti lile lile jeusi, na taarifa ya kurasa tisini ikiwa imejaa vipande vya karatasi alivyochomeka. Wajumbe wakamkaribisha, Bi. Atuganile akafungua kikao. Kumbukumbu za kikao kilichopita zikapita. Ratiba ikapita. Walikuwa wanakaribia kuipitisha taarifa nzima pale mchungaji alipoinua mkono.

"Mniwie radhi, mimi ni mgeni. Ukurasa wa nne tumesema tunavuta joto kwa kiwango endelevu. Wa kumi na moja tumesema hivyo tena. Nimehesabu mara ishirini na tatu. Nilitaka tu kueleweshwa. Endelevu kwa miaka mingapi?"

Mhandisi mkuu akamtazama Kabuje. Kabuje akamtazama mjumbe wa mazingira. Mjumbe wa mazingira akaanza kufungua kurasa, kwanza kwa kujiamini, kisha kwa haraka. Subilaga, aliyekuwa ameliandika neno lile katika taarifa kumi na moja za mwaka kwa mwandiko wake mwenyewe, alisubiri jibu kwa hamu, maana siku zote alidhani wao wanalijua.

Kurasa zikaisha. Kisha mabega ya Kabuje yakaanza kutikisika. Alijaribu kujizuia, akajifunika mdomo, ikashindikana. Kicheko kilimtoka, kikamwambukiza mhandisi, kikaizunguka meza hadi kwa Bi. Atuganile, aliyevua miwani akafuta macho. Gwakisa peke yake hakucheka. Alikuwa bado anangoja, kalamu mkononi.

"Mheshimiwa mjumbe ameuliza swali halali," Mwenyekiti akasema alipoweza kusema. "Katibu, andika: bodi haijui."

"Niandike hivyo hivyo, mama?"

"Hivyo hivyo. Na uandike nani atatafuta, na lini ataleta."

Subilaga akaandika. Mkono wake ulikwenda mwepesi. Hakumaliza hata mstari wa pili, sauti ya Dirisha ikapanda kupitia roshani iliyokuwa wazi, ikimjibu mtu wa kwanza wa foleni kule chini mvuani, aliyeuliza lile lile la mchungaji.

"Hawajui," likasema. "Wameanza kutafuta sasa hivi. Katibu bado anaandika."